Kuku wa Mtawanya

Jumatatu, 4 Machi

Leo asubuhi mjomba Abdulrazaq ametundika cheti changu kwenye ukuta wa duka lake hapa Kibiti, juu ya makopo ya dawa ya kupe. Alirudi nyuma hatua mbili, akakitazama, akasema, "Sasa duka limepata mwenyewe." Bila mtu aliyesomea afya ya mifugo hapewi kibali cha kuuza dawa. Kwa hiyo mimi, Mwanahalima binti Ismaily, niliyekaa chuoni miaka mitatu na nyumbani Mtawanya miezi saba nikichambua mchicha, leo nimekuwa mwenye duka.

Nimenunua daftari hili ili niandike masika yote, maana kabla mvua hazijakatika ni lazima niwe nimechagua. Mama anataka nibaki dukani kwa mdogo wake. Mimi nataka mwezi wa saba niombe shahada Morogoro, niwe daktari wa mifugo kamili. Halafu kuna Bi Johari, afisa mifugo wa kata, ambaye amekubali nimsaidie machinjioni asubuhi kabla ya duka kufunguliwa. "Njoo uone kama una moyo," alisema, kama mtu anayejua jibu.

Wateja wawili wameniita daktari. Sikuwasahihisha.

Jumatano, 6 Machi

Machinjioni. Ng'ombe wawili, mbuzi watatu. Bi Johari alipasua ini la ng'ombe wa pili, akatoa minyoo mipana kama majani ya mrehani yaliyonyauka, akaamuru ini lote lizikwe. Swalehe mwenye bucha akaanza kupiga kelele: ini lenyewe lina kasoro upande mmoja tu, sasa ananyang'anywa lote, haya maisha gani. Bi Johari alisimama na buti zake ukingoni mwa shimo mpaka mwenyewe Swalehe akalifukia.

Njiani nikamuuliza kama haimchoshi, kila siku kugombana na watu. Akasema, "Wewe uliingia chuo kwa sababu gani?"

"Napenda wanyama."

"Kila mtu anapenda wanyama. Kazi hii ni ya watu. Kama huwezi kuchukiwa na watu, baki dukani ukauze."

Sikumpenda. Mwanamke mkavu, hana hata salamu ya maana. Miaka kumi na tisa ya kazi na hana kitu isipokuwa muhuri na pikipiki mbovu. Nikiwa kama yeye nikifika umri wake, nitakuwa nimepotea.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza ya mwezi mtukufu. Mvua imenyesha toka alfajiri. Mjomba ametufuturisha mimi na mama nyumbani kwake: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, pweza. Baba alipofariki nikiwa darasa la tano, mjomba huyu alihamia kwetu mwezi mzima, akawa ananipeleka shule kwa baiskeli ili nisitembee peke yangu na huzuni. Watu wanaosema wajomba wa siku hizi hawana kazi hawamjui wangu.

Ijumaa, 15 Machi

Abdulatifu, tuliyesoma naye, ametuma ujumbe wa sauti kutoka Dar. Anafanya kazi kwenye kliniki ya mbwa na paka wa matajiri. "Mwana, huku mbwa ana kadi ya kliniki nzuri kuliko ya mtoto wa kwetu. Wanatafuta msaidizi wa kike, wenye paka wanapenda wanawake. Sema neno, nikupeleke kwa bosi."

Nilikosea kuusikiliza mbele ya mama. Alikuwa anapeta mchele, ungo ukasimama hewani.

"Mbwa?"

"Ni kazi, mama. Anavaa glavu."

"Miaka mitatu nimeuza kuku mmoja mmoja usome, ili ukaogeshe mbwa? Na sala zako utaziswali saa ngapi, baada ya kujitwaharisha mara saba kila saa?"

Nikacheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kaa kwa mjomba wako," akasema. "Damu haitupi."

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Barabara ya Mchukwi haipitiki kwa pikipiki. Duka halikupata mteja hata mmoja.

Jumatano, 27 Machi

Mto umepanda. Watu wa bondeni wanahamia juu na vitu vyao, wengine wamefika Mtawanya kwa ndugu. Mashamba ya mpunga yote ni maji matupu, wanasema unaona vichwa vya migomba tu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu amefikia Bi Mwamini, mjane, shangazi wa jirani. Alikuja na godoro, msahafu, na tenga la kuku kumi na mmoja alilolibeba kichwani huku maji yakiwa kifuani. Nilimuuliza kwa nini hakubeba sufuria, au nguo. Akanitazama kama mjinga. "Sufuria hutaga?"

Nimempenda. Ana sauti nzito ya Kindengereko na anaongea na kuku wake mmoja mmoja kama wakwe.

Jumamosi, 30 Machi

Umeme umekatika jana mchana, nguzo zimeanguka kwa upepo. Friji ya chanjo imezima. Mjomba yuko Dar kufuata mzigo. Nimempigia, amesema nisifungue mlango wa friji, umeme utarudi sasa hivi.

Jumapili, 31 Machi

Umeme bado. Nimezunguka Kibiti nzima kutafuta barafu. Mwenye samaki aliyekuwa nayo ameitumia kwa samaki wake, na ni haki yake.

Jumatatu, 1 Aprili

Umeme umerudi leo adhuhuri, siku ya nne. Nilipofungua friji, hewa ya uvuguvugu ilinipiga usoni. Kipimajoto kinasoma ishirini na tisa. Chupa za chanjo ya kideri, ule mdondo unaofagia kuku, zilikuwa vuguvugu mkononi kama mayai yaliyotoka kutagwa.

Chuoni tulifundishwa hivi: chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kikifa, umebaki na maji. Kuku anatiwa tone jichoni, mwenye kuku anashukuru, na kuku hana kinga yoyote.

Mjomba alifika saa kumi. Nikamwonyesha kipimajoto. Nikamwambia, "Mjomba, hizi hazifai tena. Tuzizike."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivuta kiti akakaa, akaniita kwa jina analoniita yeye peke yake, Mwanaa, akivuta mwisho. "Chanjo si maziwa, Mwanaa. Haigandi. Wazungu wanaandika nyuzijoto hizo kwa sababu ya kwao. Hii imetengenezwa kwa nchi ya joto."

"Si hii. Kuna inayostahimili, lakini si hii."

"Kina mama wa Mtawanya wameshajiandikisha. Nyumba arobaini. Wenyewe wamekuomba wewe, binti yao, maana Johari hawamtaki, anawafokea. Mto umefurika, kuku wa bondeni wamechanganyika na wa juu, kideri kinakuja, wewe unajua kinakuja. Sasa unataka tukawaambie nini? Hakuna chanjo, ngojeni mfiwe?"

Nikasema ndiyo, tuwaambie hivyo, tuagize nyingine.

"Kwa barabara ipi? Mzigo wangu wenyewe nimeuacha njiani, gari halipiti." Akakitazama cheti changu ukutani. "Mimi nilipokuja kukaa kwenu baba yako alipokufa, sikuuliza nitapita barabara ipi."

Nikazirudisha chupa kwenye friji, moja moja. Ninaandika hapa kwamba jibu nilikuwa nalo.

Alhamisi, 4 Aprili

Tumechanja Mtawanya tangu alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Kina mama walinipokea kama bibi harusi. Kila banda mtoto wa kike ananishikia kuku, mimi namgeuza kichwa, tone moja jichoni, napuliza kidogo apepese, basi. Mkono wangu ni mwepesi, chuoni nilisifiwa kwa hilo. Kuku mia moja na themanini na sita leo.

Kwetu nilianza. Mama alisimama mlangoni na kanga kichwani, akinitazama na uso ambao sijawahi kuuona, wa mtu aliyepanda mti akala tunda lake.

Bi Mwamini alikuwa amewatenga kuku wake kumi na mmoja. Tangu afike amewafungia nyuma ya choo, akiwachotea maji yao peke yao, kwa sababu, alisema, kuku wa ugenini hufa. Mwanamke hajui kusoma na alifanya jambo ambalo kitabu kinaagiza. Nikawatia matone wote. Akaniuliza, "Sasa nikiwaachia wachanganyike na wenzao, hakuna neno?"

Nikasema, "Wape wiki mbili, Bi Mwamini. Baada ya hapo hakuna neno."

Ijumaa, 5 Aprili

Nyumba zilizobaki. Jumla mia tatu na ishirini.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Mama amenishonea gauni. Sikuweza kula biriani.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Bi Johari amenikuta machinjioni nimesimama tu na kisu, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kata."

Jumamosi, 20 Aprili

Bi Mwamini amefungua kuku wake. Nimewaona leo wakichakura jalalani na wa jirani. Jogoo wake mwekundu ameshapigana na wetu.

Labda mjomba yuko sahihi. Labda chanjo ilikuwa na nguvu bado. Mimi ni nani, sina hata shahada.

Ijumaa, 26 Aprili

Nyumba ya Swaumu, karibu na msikiti, kuku wawili wamekutwa wamekufa bandani. Amesema ni nyoka. Sikuona jeraha.

Jumapili, 28 Aprili

Si nyoka.

Jumatatu, 29 Aprili

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Wameanza kuzubaa juzi, mbawa zimeshuka, manyoya yamesimama. Kinyesi kijani. Kisha shingo zinapinda, kuku anatazama mgongo wake mwenyewe, anazunguka mahali pamoja mpaka anaanguka. Hakuna dawa. Hili ndilo lisiloelezeka kwa mtu aliyekuita daktari: kwamba unakuja na begi na huna cha kutoa ndani yake. Kina mama walinipitisha nyumba hadi nyumba. "Mtazame huyu." "Na huyu." Nikawa nasema wachomwe, wafukiwe, msiwauze, msiwatupe mtoni. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walidhani nitaifikia sababu mwenyewe.

Kwetu wamekufa kumi na wanne. Mama aliwapanga uani kwa mstari, kwa ukubwa, sijui kwa nini. Alibakiwa na tetea mmoja, naye shingo imeanza.

Kwa Bi Mwamini nilikwenda mwisho, makusudi. Alikuwa amekaa juu ya tenga lililofunikwa. Nikamwamkia, akaitikia. Wamebaki wangapi? Akasema hakuna. Kisha akasema taratibu, bila ukali, kama anayetaka kuelewa kazi yangu, "Nilikuwa nimewafungia. Uliniambia niwafungue."

"Ndiyo, Bi Mwamini."

"Basi kile ulichowatia machoni kilikuwa nini?"

Nikamwambia ni chanjo. Midomo yangu ndiyo iliyosema. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa kuja.

Ijumaa, 3 Mei

Mkutano baada ya swala ya Ijumaa, kwenye ofisi ya kijiji. Kina mama walikuja na hasira iliyopoa, ile mbaya. Mwenyekiti akasema watu wanataka kujua, kama kuku walichanjwa, mbona wamekufa. Na kama chanjo ndiyo iliyowaua, nani atajibu.

Mjomba alisimama. Kanzu nyeupe, kofia ya kufuma. Akaomba dua kwanza. Akasema amelia kama walivyolia. Akasema chanjo yake ni ile ile anayouza kote, haijapata kuleta shida. "Lakini ndugu zangu, kuchanja ni ufundi. Ukizidisha maji unaharibu, ukipunguza unaharibu. Binti yetu ni mgeni wa kazi. Tumsamehe. Sote tulianza hivyo."

Watu wote wakanigeukia. Mjomba alinitazama pia, macho yamejaa huruma ya kweli, na hapo ndipo nilipomwogopa.

Niliinuka. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: friji ilizima siku nne. Maneno manne. Nikamwona mama upande wa wanawake. Hakutikisa kichwa wala hakupepesa. Aliushika tu mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, kwa nguvu, kama mtu anayejizuia kuanguka.

Nikasema, "Nisameheni." Nikakaa.

Bi Johari alikuwa amesimama nyuma mlangoni, ameloa, buti zina tope. Hakusema kitu mkutano mzima. Alipoondoka alinipita kama sipo.

Jumamosi, 4 Mei

Mama amesema mara moja tu, akiwa anafua, bila kunigeukia: "Mimi na yeye tumenyonya titi moja."

Jumapili, 5 Mei

Mtoto wa jirani, wa miaka sita, amenipita njiani akaimba, "Daktari wa kuua kuku." Hakuna aliyemkemea.

Jumatatu, 6 Mei

Nilikwenda ofisini kwa Bi Johari asubuhi. Nilimkuta anaandika. Sikungoja aniulize.

"Friji ilizima tangu Ijumaa mchana mpaka Jumatatu adhuhuri. Ilifika nyuzi ishirini na tisa. Nilimwambia mjomba. Kisha nikazichukua nikazitumia."

Aliweka kalamu chini. Nikatarajia afoke. "Nilijua friji imezima tangu siku ya kwanza umeme ulipokatika," akasema. "Nilikwenda dukani Jumanne ile kuuliza. Mjomba wako akaniambia mmeshazizika, amekuja na nyingine kutoka Dar. Nikamwamini, kwa sababu wewe ulikuwepo pale. Nikasema, pana mtu aliyesoma."

Sijawahi kupigwa kofi kama hilo.

"Ukitaka niandike ripoti, nitaiandika," akaendelea. "Lakini jina lako litaingia pamoja na lake. Siwezi kuandika nusu. Wewe ndiye mwenye cheti, wewe ndiye uliyeshika kichupa. Halmashauri wanaweza kukupa onyo, wanaweza kukuzuia. Ukipeleka maombi ya shahada, watakuuliza barua ya tabia njema, na mimi sitaweza kukuandikia mwaka huu. Fikiri mpaka kesho."

"Nipe karatasi," nikasema.

Nimeandika kurasa mbili. Mkono ulikuwa mwepesi, kama siku ile ya matone. Nilipomaliza alisoma, akanisahihisha tarehe moja, akapiga muhuri. Nikamuuliza kwa nini hakusema chochote mkutanoni.

"Ningesema nini? Sikuona friji. Mwenye kuona alikuwa amesimama katikati, akasema nisameheni."

Jumatano, 15 Mei

Maafisa wamekuja kulifunga duka. Jioni kabla ya magharibi mjomba akaja Mtawanya. Hakuingia ndani. Alisimama uani, mahali mama alipowapanga kuku, akanyoosha cheti changu kimekunjwa mara nne.

"Chukua mali yako," akasema. Kisha kwa mama: "Dada, nimefungiwa. Na huyu niliyempandisha kwenye baiskeli yangu ndiye aliyeandika."

"Ni kweli uliyoandika?" mama akaniuliza.

"Kweli, mama."

"Basi ungesema siku ya mkutano," mama akasema, "na mimi ningekuwepo. Sasa umekwenda kusema kwa watu baki."

Ni haki. Ningesema siku ile, ningekuwa mwongo au mkweli mbele ya wote. Nimechagua wakati mbaya kuliko yote, wakati ambao ukweli unafanana na kisasi. Mjomba akaondoka. Mama hajasema nami tena tangu hapo, zaidi ya "chakula tayari."

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imepungua. Abdulatifu ameuliza tena kuhusu kazi ya paka. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Kule hakuna anayenijua. Ningeweza kuvaa glavu, kukata kucha za paka na kuwa mtu mzuri. Nikamwandikia: ahsante, kaka, mpe mwingine.

Jumanne, 28 Mei

Barua ya halmashauri imefika. Mimi: onyo la maandishi, litakaa kwenye faili. Mjomba: faini na duka kufungwa mpaka atakapopata mtaalamu mwingine.

Amempata. Kijana kutoka Dar, cheti kipya, duka limefunguliwa jana. Wiki mbili hazikutimia. Swalehe amenieleza haya huku akitabasamu, kama anayenipa zawadi. "Uliona faida gani?" akauliza.

Jumanne, 4 Juni

Bi Johari amepata chanjo kutoka halmashauri, nzuri, kwenye boksi la baridi lenye barafu tele. Akaniambia twende Mtawanya, mimi nishike boksi tu, yeye atachanja.

Nyumba arobaini. Zimefungua sita, na zote sita walitaka Bi Johari aingie peke yake. Kwingine walisema hatuna kuku, nasi tukiwasikia vifaranga nyuma ya nyumba. Kwa Swaumu mlango ulifungwa hata kabla hatujafika. Hawa ni watu ambao mwaka kesho kideri kikirudi watafiwa tena, na safari hii kwa sababu yangu zaidi kuliko mara ya kwanza, maana hawatachanja kamwe. Kuku waliokufa nilishawahesabu. Watakaokufa kwa kuogopa chanjo sijui nitawahesabuje.

Tulipofika kwa Bi Mwamini, nyumba ilikuwa kimya. Amerudi bondeni maji yalipopungua. Hakuna aliyejua amerudi kwenye nini.

Njiani nikamwambia Bi Johari sitaki tena kuwa daktari wa mifugo. Akasimamisha pikipiki.

"Hukuwa daktari hata siku moja. Daktari ana shahada na usajili. Wewe ni mtaalamu wa stashahada uliyenyamaza. Usijipandishe cheo ili upate kujishusha."

"Basi nifanye nini?"

"Machinjioni nimebaki peke yangu, na mgongo wangu haunitaki. Kuna mkataba wa ukaguzi wa nyama, wa mwaka mmoja. Nimekuandikia jina. Wamekataa mara moja kwa sababu ya lile onyo, nikarudi tena."

Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu kila mtu kule atakutaka unyamaze. Asubuhi moja ni ini, nyingine ni mapafu, nyingine ni mheshimiwa ana harusi. Mtu ambaye hajawahi kunyamaza hajui bei yake. Wewe unaijua."

Nimemchukia mwanamke huyu miezi mitatu. Leo nilitaka kuegemea mgongo wake pale kwenye pikipiki kama mtoto. Sikuthubutu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimesaini. Morogoro siombi mwaka huu. Labda mwakani, labda nimeandika hivyo ili mkono upate pa kwenda. Nimechagua kazi ya wanyama ambao tayari wamekufa. Hapo angalau hakuna atakayeniuliza kama atapona.

Alhamisi, 13 Juni

Pafu moja, mbuzi. Nimelizika. Nimetukanwa.

Jumatatu, 17 Juni

Idi ya kuchinja. Jua kali, matope yamekauka yakapasuka. Machinjioni walikuja ng'ombe wengi kuliko siku zote, maana wengi huchangia, watu saba ng'ombe mmoja. Bi Johari alikaa kwenye kiti, mimi nikakagua.

Ng'ombe wa nane alikuwa wa mjomba Abdulrazaq na wenzake sita. Nilimwamkia. Wenzake waliitikia, yeye akawa anatazama kamba.

Alipokwisha kuchunwa nikaanza kazi. Nikapasua mapafu, tezi za shingo, moyo, ini, figo. Nikarudia mapafu. Nikakata ini mara ya pili, kisha ya tatu, pande ambazo hakuna anayekata. Nilikuwa natafuta. Siwezi kuandika kingine: nilikuwa natafuta kitu, chochote, uvimbe wa ukubwa wa punje, ili nimwambie mbele ya wenzake, Idi, mjomba, nyama yako haifai. Nilikata mpaka Bi Johari akainua kichwa kwenye kiti.

Ng'ombe alikuwa safi kama maji ya mvua.

Nikachukua muhuri nikampiga bega kwa bega, paja kwa paja. Mjomba akawaambia wenzake wapakie. Hakunitazama.

Nyumbani mama alikuwa ameshasaga tangawizi na vitunguu saumu. Makaa yalikuwa yamewaka. Kila mwaka tangu baba afariki, fungu letu hutoka kwa mjomba kabla ya adhuhuri, nyama ya bega, limefungwa kwenye majani ya mgomba. Nilikaa barazani, mama jikoni. Adhuhuri ikapita. Nyumba za jirani zilinukia mchuzi. Akatia makaa mara ya pili.

Baada ya alasiri alifunika bakuli la tangawizi na sahani. Akatoka, akakaa kwenye kizingiti karibu nami, karibu kuliko alivyowahi kukaa tangu ile siku ya mwezi wa tano. Alikunja kanga magotini.

"Ng'ombe wake ulimkagua wewe?"

"Mimi, mama."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Nimempiga muhuri."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi watu watakula salama."

Akainuka, akateleka kunde.